Mchezaji wa Kuazimwa

Seremala alikuwa na mabinti wawili, na wote wawili wakaangukia kwenye raga. Hakupanga iwe hivyo. Yeye alikuwa mtu wa milango na madirisha, mtu wa randa na gundi, na mchezo pekee aliouelewa tangu utoto wake ulikuwa drafti. Lakini siku moja fundi bomba wa mtaa wao aliingia karakanani kuomba nguzo nne ndefu za kusimamisha magoli. Alisema anaanzisha timu ya wasichana kwenye uwanja ulio nyuma ya shule. Mabinti, waliokuwa wanafagia vumbi la mbao, wakatega masikio huku wakijifanya wanafagia. Wiki iliyofuata walikuwa uwanjani. Wiki ya tatu binti mkubwa alirudi nyumbani jicho moja limevimba kama andazi, na uso mzima unacheka.

"Umepigwa?" baba yake akauliza.

"Nimekaba mtu mwenye mpira, baba."

"Na huyo mtu yuko wapi?"

"Mzima kabisa. Kosa ni langu, kichwa nilikiweka upande mbaya. Kocha ameshanionyesha, sirudii."

Na kweli hakurudia. Miaka minne ikapita. Binti mkubwa akafikisha kumi na sita, akawa nahodha, na wenzake wakambatiza jina la Bawaba. Sababu ya kwanza ni kwamba baba yake anatengeneza milango. Ya pili ilihusu skramu, pale wachezaji wanane wa kila upande wanapoinama, wakashikana mabega na kusukumana kugombea mpira. Bawaba alikuwa mstari wa mbele, na skramu ikigeuka, ilimgeukia yeye. Mdogo wake wa miaka kumi na minne walimwita Cherehani, kwa kuwa miguu yake ilidunda chini upesi kama sindano, na mdomo nao haukuwa na breki. Majina hayo yaliingia nyumbani pole pole, kwanza kwa utani, mwishowe hata mama yao, muuguzi asiyependa majina ya mtaani, akawa anaita kutoka jikoni: "Cherehani, vyombo!"

Seremala hakwenda uwanjani mara nyingi. Jumamosi ndiyo siku wateja walipotaka vitu vyao. Lakini Jumamosi hii alifunga karakana mapema, kwa sababu nyumbani hapakukalika. Ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi ya vijana. Wakishinda, wanakwenda mashindano ya kitaifa, kitu ambacho timu ya fundi bomba haikuwahi hata kukinusa. Cherehani alikuwa ameshafungasha begi lake wiki mbili kabla. Kila siku alilifungua, akalipanga upya, akalifunga.

"Safari yenyewe haijapatikana," mama yake alimwambia.

"Itanikuta tayari, mama."

Basi seremala akafika uwanjani, akasimama kwenye mstari wa pembeni karibu na rafiki yake fundi viatu. Huyu hakuwa na mtoto kwenye timu, ila alikuwa ameshona njumu za karibu kila msichana pale, na kwa hesabu yake hiyo ilimfanya awe mjomba wa timu nzima. Sheria za raga alizijua, au alizisema kwa sauti kubwa kiasi kwamba hakuna aliyembishia.

Saa ya kuanza ikafika, wageni hawapo. Nusu saa ikakatika. Ndipo gari dogo likaingia taratibu, limelala upande mmoja kwa uzito, na wasichana wakaanza kutoka mmoja baada ya mwingine, magoti yamekakamaa, wamekumbatia mifuko ya jezi. Fundi viatu akahesabu kwa kidole: kumi na mmoja. Mwalimu wao, mama wa makamo mwenye kofia ya jua, akaenda moja kwa moja kwa refa. Refa huyo siku za kazi alikuwa mfamasia, na alizungumza kama anayeeleza dozi.

"Tulikuwa na magari mawili," mwalimu akasema. "La pili limekufa injini njiani. Wako salama, lakini hawafiki leo."

"Pole sana, mwalimu. Chini ya kumi na wawili hakuna mechi. Pointi ni za wenyeji."

Fundi viatu akampiga seremala kofi la mgongo nusura amwangushe. "Tumekwenda! Tumekwenda bila jasho!"

Upande wa pili wa uwanja Cherehani alikuwa anarukaruka tayari. Lakini seremala, ambaye kazi yake ilimzoesha kutazama kitu mara mbili kabla ya kukikata, aliwatazama wale wageni. Walikuwa wamekaa chini kando ya gari lao. Hakuna aliyelia. Mmoja wao, mwembamba, mwenye plasta juu ya nyusi, alikuwa anafunga kamba za njumu zake kana kwamba hakusikia lolote. Alizifunga, akazivuta, akazijaribu kwa kisigino. Nahodha wao.

Mwalimu akasema, "Basi angalau tucheze mechi ya kirafiki. Wasichana wametoka alfajiri."

Fundi bomba alikuwa amesimama kando yao. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mipana iliyozoea spana, na miaka minne yote hiyo alikuwa akitoka kwenye mabomba yaliyopasuka moja kwa moja hadi mazoezini, suruali imelowa. Kama kuna mtu aliyestahili safari ile, ni yeye. Akamgeukia refa.

"Ile sheria ya vijana, ya kuazimana wachezaji. Bado ipo?"

"Ipo. Nahodha wote wawili wakikubali kabla ya kipenga, mechi ni halali na matokeo yanahesabika. Lakini ujue unachofanya, kocha. Kwa sasa umeshashinda."

"Siyo mimi wa kuamua," fundi bomba akasema. Akawaita wasichana wake chini ya goli, wakakaa duara. Seremala akasogea hatua chache, akijifanya anakagua moja ya nguzo zake.

Kocha akawaeleza kwa maneno machache. Mnaweza kuchukua pointi mkaenda. Mnaweza kuchukua pointi na mkacheza kirafiki. Au mnaweza kuwaazimisha wageni wachezaji wanne, mkacheza mechi yenyewe, na mkifungwa mmefungwa.

"Kuna cha kufikiria hapo?" Cherehani akasema. "Sheria ni sheria. Sisi ndiyo tulioua gari lao?"

Wengine wakacheka. Msichana mmoja akasema wacheze kirafiki, roho safi, kila mtu aondoke na chake. Vichwa vingi vikaitikia. Bawaba alikuwa anang'oa majani kidogo kidogo kati ya miguu yake.

"Nahodha?" kocha akauliza.

"Kirafiki sitaki," Bawaba akasema. "Watu wametoka alfajiri, wamebanwa kwenye gari kama nguo kwenye begi. Halafu sisi tucheze nao tukiwa tumeshashinda? Tutakuwa tunawafanyia mazoezi. Mimi nimefanya mazoezi msimu mzima ili nicheze mechi hii. Nataka kuicheza."

"Na tukifungwa?" Cherehani akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena.

"Tutakuwa tumefungwa na timu nzuri zaidi."

"Timu ambayo nusu yake ni sisi!"

Wasichana wakacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa na uzito. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Ilikuwa karibu sana: kumi na wawili kwa kumi. Cherehani alikaa na mikono yake chini ya mapaja ili hata kwa bahati mbaya isije ikapanda.

Likabaki swali la nani aende. Mwalimu wa wageni akaeleza shida yake: wawili kati ya watatu wa mstari wa mbele walikuwa kwenye gari lililokufa. Hapo fundi bomba akakunja uso. Mstari wa mbele hawekwi mtu hivi hivi. Shingo ya mtoto si kitu cha kujaribia. Lazima awe aliyefundishwa, na yeye alikuwa na watano tu, watatu wanaoanza na wawili wa akiba.

"Wachukue wale wawili wa akiba," fundi viatu akadakia kutoka pembeni. "Kwani nani ametuomba tuwape dhahabu?"

"Kocha," Bawaba akasema, "wakienda wa akiba wote wawili, skramu itakuwa ya upande mmoja. Tutawasukuma hadi barabarani. Tugawane. Wa akiba mmoja, na anayeanza mmoja."

"Anayeanza yupi?"

"Mimi."

Seremala aliona fundi bomba akimtazama yule msichana kwa muda mrefu kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa. Cherehani alisimama, akaenda kusimama kwenye nafasi yake kule pembeni kabisa ya uwanja, peke yake, dakika kumi kabla ya mechi.

Wengine wawili wakajitolea kukamilisha wanne, na Bawaba akavaa jezi ya kijani ya msichana asiyemjua. Ilimbana mabegani. Alipokuwa anaivuta ishuke, akamwona baba yake.

"Baba, leo unashangilia nani?"

"Mimi nimekuja kuangalia magoli yangu kama yamenyooka," akajibu, na binti akacheka akakimbia.

Mechi ikaanza. Kwa dakika kumi za mwanzo seremala hakuelewa lolote isipokuwa jambo moja: binti yake mkubwa alikuwa anacheza kama mtu anayebeba kioo. Kwenye skramu alisukuma, ndiyo, lakini nje ya hapo alifika kila mahali akiwa amechelewa kidogo tu. Msichana wa timu yake mwenyewe alipita na mpira karibu naye, na mkono wa Bawaba ukamgusa jezi ukaachia. Wenyeji wakafunga trai ya kwanza: mpira ukagusishwa chini nyuma ya mstari, pointi tano. Upepo ukaupeleka pembeni mkwaju wa nyongeza.

Nahodha wa wageni, yule mwenye plasta, akamfuata Bawaba. Walikuwa hatua tatu kutoka pale seremala aliposimama, kwa hiyo alisikia kila neno. Hakupaza sauti.

"Dada, asante kwa kuja. Lakini kama umekuja kujaza idadi, simama tu pale pembeni, tutacheza kumi na wanne. Kama umekuja kucheza, cheza."

Masikio yakamwaka Bawaba. Kisha akasema, "Sawa."

Kuanzia hapo ikawa patashika nguo kuchanika. Skramu iliyofuata wageni walisukuma, na wenyeji wakarudi nyuma kwa mara ya kwanza msimu ule. Bawaba alikaba wenzake mmoja baada ya mwingine, chini ya kifua, mikono imefunga, kichwa upande unaotakiwa, na kila alipomwangusha mtu alimwachia mara moja, akainuka, akasimama tena kwenye mstari. Mara mbili aliwanyanyua kwa mkono wasichana aliowaangusha. Wageni wakapata trai, na mkwaju wao ukapita katikati ya nguzo, pointi mbili juu. Wenyeji wakajibu. Wageni wakafunga tena, kisha kila upande ukaongeza trai moja zaidi, mikwaju yote ikienda pembeni. Fundi viatu alikuwa ameshaishiwa sauti.

"Refa! Refa, macho unayo au umeyaacha dukani kwenye dawa?"

Fundi bomba akamwendea akikimbia mstari mzima. "Mzee, kwenye raga refa hapigiwi kelele. Anayezungumza naye ni nahodha peke yake, na anamwita bwana. Wasichana hawa nimewafundisha hivyo miaka minne. Usinibomolee kwa dakika moja."

Fundi viatu akanywea. Alimgeukia seremala akitafuta mtu wa kumuunga mkono, lakini seremala alikuwa amezama. Hakujua kwamba mtu anaweza kumjua mtoto wake upya hivyo. Nyumbani Bawaba alikuwa mtu wa maneno machache, wa kumaliza vyombo na kulala. Hapa alimwona akiamuru watu asiowajua majina, akiwaita kwa namba za migongoni, "Saba, karibu! Kumi, subiri!" nao wakimsikiliza kana kwamba wamekua naye. Alimwona akiwa ameumizwa kidole, akakivuta kikalia, akaendelea. Kama mtu angemuuliza wakati ule ni kazi gani nzuri aliyowahi kuifanya kwa mikono yake, asingetaja mlango wala kabati.

Dakika za mwisho zikafika, wageni wana pointi kumi na saba, wenyeji kumi na tano. Skramu katikati ya uwanja. Mpira ukatoka upande wa wenyeji, ukapita mikono miwili, mitatu, ukafika pembeni kabisa kwa Cherehani.

Cherehani hakuwa na simile. Alimpita wa kwanza kama amesimama. Wa pili alijitupa akashika hewa. Watu wote wakainuka. Mbele yake palikuwa na nyasi tupu na mstari, na kona ambayo kwa sababu anazozijua mwenyewe Bawaba alikuwa anaikimbilia, si kumfuata mdogo wake bali kwenda mbele yake, kwa mshazari, kama mtu anayewahi mlango kabla haujafungwa.

Seremala aliijua ile chenga. Ameiona uani mara elfu, mabinti wakikimbizana kati ya kamba za nguo. Cherehani akikaribia mtu hupunguza mwendo nusu hatua, huinamisha bega la kulia, kisha hukata kushoto. Watu wote huenda na bega. Alipunguza. Akainamisha bega. Bawaba hakulitazama bega hata kidogo. Akaenda kushoto.

Baba alipiga kelele. Baadaye fundi viatu aliapa kwamba alichopiga ni "Bawabacherehani!" neno moja.

Bawaba alimshika mdogo wake kiunoni, akamkumbatia, na kwa kasi ile ile wakaviringika pamoja nje ya mstari wa pembeni, hatua mbili kabla ya kona. Mpira ukatoka. Kipenga kikalia, kikalia tena, kikalia mara ya tatu. Mechi imekwisha.

Jambo la kwanza alilofanya Bawaba ni kushika kichwa cha mdogo wake kwa mikono miwili. "Umeumia? Shingo? Nitazame."

Cherehani akaisukuma ile mikono. "Usinishike."

Wageni walikuwa wanakumbatiana. Lakini kabla ya kushangilia sana, yule nahodha wao akapiga makofi mawili makali, na wote kumi na mmoja wakajipanga mistari miwili, wakatengeneza njia, na wenyeji wakapita katikati yao wakipigiwa makofi mmoja mmoja. Cherehani alipita amekaza shingo, machozi yanashuka. Nahodha wa wageni akamwambia, "Sijawahi kuona mtu anakimbia hivyo." Alitabasamu tu, akaendelea kupiga makofi.

Chai ikanywewa pamoja, mikate ikagawanywa, mwalimu mwenye kofia akazunguka akimshika kila msichana mkono. Alipomfikia seremala alisema, "Wewe ndiye baba yake?" Seremala akaitika. Mwalimu akamtikisa mkono kwa nguvu, akaenda zake.

Fundi viatu hakunywa chai. "Ametuuza," alisema njia nzima ya kurudi. "Hadharani, mchana kweupe. Mwanao mwenyewe."

Kilichomuuma seremala ni kwamba sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa inauliza swali hilo hilo.

Nyumbani Cherehani aliingia chumbani, akalifungua lile begi lililokaa tayari wiki mbili, akarudisha nguo kabatini moja baada ya nyingine, pole pole, ili kila mtu asikie droo. Mama yao, aliyerudi kutoka kazini wakati huo, alisimama mlangoni, akatazama, akaenda kuweka maji ya kuoga bila kuuliza. Taarifa alishazipata kwa simu kutoka kwa watu watatu tofauti.

Jua halijazama bado seremala akamkuta Bawaba karakanani, amekaa juu ya meza ya kazi, kidole amekifunga kitambaa.

"Mwanangu," akasema. Akachukua kipande cha msasa, akaanza kusugua ubao usiohitaji kusuguliwa. "Ile hatua ya mwisho. Hukuweza kuchelewa kidogo tu? Umecheza vizuri mechi nzima, umewatendea haki wale watoto. Hatua moja. Nani angekulaumu?"

Bawaba alifikiri. Hakukasirika, na hilo lilimgusa baba yake kuliko jibu lenyewe.

"Baba, nilikuwa nimechelewa mwanzo, dakika zile kumi. Wewe uliona?"

"Niliona."

"Yule nahodha wao naye aliona. Angeweza kunyamaza, ana shida ya watu, lakini aliniambia. Nilipomwambia sawa, nilimaanisha mechi yote."

"Ndiyo, lakini ni mdogo wako."

"Basi ndiyo sababu zaidi." Akainua kichwa. "Ile chenga yake, baba, haipiti. Hapa inapita kwa sababu watu hawajamzoea. Huko kwenye taifa wangemsoma mechi ya kwanza tu, na wangemwangusha watu wasiojali ameangukaje. Mimi nilimshika nikijua tutaangukia wapi. Nilijiweka chini mimi."

Seremala akakumbuka jinsi walivyoviringika, na akatambua kwamba ni kweli: mgongo uliopiga ardhi ulikuwa wa Bawaba. Hakuwa ameuona hadi alipoambiwa. Aliuweka msasa chini.

"Kidole kimeonwa na daktari?"

"Mama atakiangalia."

"Basi shuka mezani kwangu, kuna gundi mbichi hapo ulipokalia."

Siku tatu nyumba ilikuwa baridi. Dada wawili wa chumba kimoja wakazungumza kupitia kwa mama yao kama mabalozi. Siku ya nne seremala alikuwa kibandani kwa fundi viatu, amempelekea kigoda alichomtengenezea, na fundi viatu alikuwa anawasimulia wateja wawili, kwa mara ya ishirini, jinsi timu ilivyouzwa. Cherehani akatokea, njumu mkononi, soli imefunguka mdomo.

"Shikamoo mjomba. Unazungumza habari za dada yangu?"

"Marahaba. Ninasema ukweli. Alikuwa na haja gani ya kukuangusha wewe?"

"Mjomba, aliyeangushwa ni mimi. Mbavu ni zangu. Kama kuna mtu wa kulalamika hapa, ni mimi, na silalamiki."

"Lakini umemnunia siku tatu nzima! Mtaa mzima unajua."

"Kununa ni haki yangu, ni dada yangu. Wewe hukukabwa na mtu." Akaweka njumu juu ya meza. "Na alinikaba vizuri. Muulize Kocha. Hakuna mtu kwenye ligi hii aliyewahi kunikamata pale. Nitazifuata kesho, zishone mara mbili."

Akaondoka. Wateja walikuwa wanaangua kicheko. Fundi viatu akaigeuza ile njumu, akaitazama soli, akasema kwa sauti ya chini, "Ana mdomo huyu mtoto." Lakini tangu siku hiyo hakulirudia neno lile, angalau si mbele ya seremala. Na jioni ile ile kutoka uani ikasikika sauti ya Cherehani ikisema kwa hasira, "Haya, nionyeshe. Umejuaje? Ni bega?" na ya Bawaba ikijibu, "Ni macho. Unapotazama ndipo unapokwenda. Rudia."

Safari ya kitaifa haikupatikana. Hata wageni hawakwenda. Timu ya tatu, iliyokuwa imekaa nyumbani siku hiyo ikisubiri matokeo, ilipita kwa pointi moja. Ikashangilia, ikaenda, ikafungwa mechi zote. Fundi bomba alisikia habari hizo akiwa chini ya sinki la mtu, akacheka hadi akagonga kichwa.

Lakini barua ilikuja kutoka kwa mwalimu mwenye kofia. Shule yao ilikuwa na uwanja mkubwa na mabweni yaliyokuwa matupu wakati wa likizo. Je, timu mbili haziwezi kukaa pamoja wiki mbili, zikafanya mazoezi, zikachanganywa? Aliandika kwamba kwake kulikuwa na wasichana thelathini wadogo waliotaka kuanza, na hakuwa na mtu wa kuwafundisha mstari wa mbele bila kuumizana. "Nahodha wangu," aliongeza, "anasema anajua mtu."

Wakaenda. Bawaba aliwafundisha wale wadogo asubuhi, magoti chini kwanza, kisha wakiwa wamechuchumaa, kisha wamesimama, na hakuna aliyeruhusiwa kusukuma mpaka ajue kuanguka. Nahodha mwenye plasta, ambaye sasa hakuwa na plasta, alimfundisha Cherehani kukata kulia. Msimu uliofuata Bawaba alikuwa amevuka umri wa ligi ile, akawa anasimama kando ya fundi bomba na filimbi shingoni, na timu ikaenda taifa, ikashika nafasi ya tano kati ya nane. Cherehani alirudi akisema nafasi ya tano ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri, na akaeleza kwa nini, kwa siku kadhaa.

Seremala naye wakati wa ile likizo ya pamoja alikaa uwanjani siku mbili. Aliona wasichana wakifanyia mazoezi ya skramu kwenye ukuta wa bweni, akasema hapana, hivyo sivyo. Akapima kwa hatua, akachora kwenye mchanga, akarudi karakanani. Baada ya wiki alileta kwa gari la kukodi kifaa alichokiunda mwenyewe: fremu nzito ya mbao inayoteleza chini ikisukumwa, mbele ina mito mitatu ya godoro iliyovikwa turubai, mabega yapate pa kuegemea. Turubai alishona fundi viatu, aliyekuja naye kwenye gari, na hakutaka kushukuriwa.

"Inahitaji uzito juu," fundi bomba akasema baada ya kuizunguka mara mbili.

Wakatazamana. Basi seremala akapanda, akakaa nyuma ya fremu, na fundi viatu akapanda pembeni yake akilalamika kuhusu mgongo wake. Wasichana wanane wakainama, wanne wa timu hii na wanne wa ile, wakashikana mabega. Bawaba akatazama shingo ya kila mmoja, akasogeza mguu wa mmoja kwa ncha ya kiatu, akarudi nyuma.

"Inama," akasema. "Shika. Sukuma."

Na fremu ikaondoka.